Injini Baridi

Jeremiah Nzomo hakuamini kwamba gari lina tabia. Wateja wake wengi waliamini. Waliingia katika gereji yake, nyuma ya soko la Machakos, wakaeleza kwamba gari limenuna, kwamba limemkasirikia mtu fulani nyumbani, kwamba tangu lipite karibu na makaburi halijawa lilelile. Mmoja wao alileta lori lake pamoja na mchungaji. Nzomo aliwasikiliza wote kwa uso uleule, kisha akafungua boneti. Alikuwa amesomea ufundi chuoni, akafanya kazi katika karakana ya serikali mpaka alipochoka kutia sahihi matengenezo ya magari ambayo hayakuwahi kuletwa, na jioni zake alizitumia kusoma ensaiklopidia kuukuu aliyoinunua bila juzuu la mwisho, kwa hiyo kulikuwa na mambo duniani ambayo hakuwa na njia ya kuyajua na hakujifanya anayajua. La injini ya petroli alilijua. Inahitaji mafuta yaliyochanganyika na hewa kwa kipimo, inahitaji mgandamizo, inahitaji cheche kwa wakati wake. Vikiwepo vyote inawaka, hata mwenyewe akiwa mwizi. Kikikosekana kimoja haiwaki, hata mwenyewe akiwa askofu.

Kwa hiyo Pijo 504 ya shemeji yake ilipoanza kukataa kuwaka asubuhi, katika miezi ya baridi ya mwaka wa 1998, Nzomo hakuingiwa na wasiwasi wowote.

Shemeji huyo, Bartholomew, aliyemwoa dada yake Kalunde, alikuwa mwalimu wa fizikia aliyestaafu na kurudi kulima kahawa na maparachichi katika mlima wa Mutituni. Waliopita mikononi mwake walikuwa wametapakaa katika ofisi za Ukambani nzima, wanaume wenye vitambi na madaraka, na bado walichomekea mashati walipomwona akivuka barabara. Alikuwa mtu wa kusema alichokiona, bila kuongeza na bila kupunguza. Nzomo alimpenda kwa ajili ya hilo zaidi ya kwa ajili ya undugu, kwa kuwa undugu alipewa bila kuulizwa.

"Hii gari imekataa tena," Bartholomew alisema asubuhi ile ya kwanza, mguu ukiwa bado kwenye mafuta, maana hakuthubutu kuzima. "Wamenisukuma mpaka kwa mteremko ndio ikashika. Sasa iko sawa kabisa. Ikishapata moto haina maneno. Ni asubuhi tu."

"Betri?"

"Betri iko na nguvu. Inazungusha injini vizuri. Inazunguka, inazunguka, haishiki. Halafu nasikia harufu ya petroli. Shemeji, nimekupa dalili zote. Kazi yako ni kuandika jibu."

"Umezoea watu wa kuandika jibu. Mimi nataka kufungua nione."

"Fungua. Lakini usinibakishie skrubu kama mara ile."

"Skrubu hazikubaki. Zilizidi. Aliyefungua mbele yangu alikuwa mwalimu."

Nzomo alitoa plagi, akazikuta zimelowa na kuwa nyeusi. Plagi zilizolowa zina maana moja: petroli inafika, na inafika nyingi kuliko inavyoweza kuchomwa. Akafungua kabureta, akabadilisha sindano inayozuia mafuta yasifurike, akapima boya lake, akafunga. Wiki haikuisha gari likarudi, limesukumwa tena. Akabadilisha platini na kondensa, akasema pengine cheche ni dhaifu wakati wa baridi. Likarudi. Akabadilisha koili, na pampu ya mafuta akaifungua ingawa hakuona sababu ya kuifungua. Likarudi. Mwishowe akalilaza gereji ili alikute baridi kama linavyokutwa nyumbani. Alfajiri alikuja, akaketi, akavuta choki, akageuza ufunguo, na Pijo ikawaka kabla hajamaliza kuugeuza.

Choki ni kitufe kidogo chini ya dashibodi. Dereva hukivuta injini ikiwa baridi, ili hewa ipungue na petroli izidi, na hukirudisha injini ikipata joto. Mkono wa Nzomo ulikivuta bila kumshirikisha Nzomo mwenyewe, jinsi mkono unavyotafuta kitasa cha mlango katika nyumba ulimozaliwa. Hakukumbuka kwamba amekivuta. Ndiyo maana hakuliona jibu lililokuwa limelala kati ya vidole vyake.

Alipiga simu Mutituni kwa jirani mwenye simu, akaacha ujumbe kwamba gari halina ugonjwa.

"Iko nao," Bartholomew alisema alipokuja kulichukua. "Ugonjwa usioonekana kwako haimaanishi haupo. Nilikuwa nafikiri umesoma."

"Nimesoma. Hakuna mahali pameandikwa gari inaogopa Mutituni."

"Basi tafuta. Niko na safari."

Safari hiyo ilijulikana na kila mtu. Binti yake Kavata, muuguzi katika kituo cha afya cha Muthetheni, alikuwa anaolewa Agosti na kijana wa Kithimani, na Bartholomew alikuwa ametangaza kwamba atampeleka kanisani mwenyewe, katika Pijo hiyohiyo iliyomleta nyumbani kutoka hospitali akiwa amefungwa katika leso, kwa mikono hiyohiyo. Watu walimpa magari. Mwanafunzi wake wa zamani mwenye kampuni ya uchukuzi alimpa Mercedes. Alikataa yote kwa upole wa kuudhi.

Kwa muda wote huo kulikuwa na swali moja ambalo Nzomo hakuliuliza. Kwa mteja mwingine yeyote lingekuwa swali la kwanza. Angemuuliza kondakta, angemuuliza daktari, angemuuliza yule mchungaji: asubuhi unavuta choki? Hakumuuliza Bartholomew. Wakamba wana kitu wanachokiita nthoni, ile haya na heshima inayowekwa kati ya watu waliooleana, na ambayo zamani ilimfanya mtu aache njia na kupita vichakani asikutane uso kwa uso na mama mkwe wake. Nzomo alikuwa ameieleza nthoni mara nyingi, kwa sauti ya mtu anayeeleza desturi za watu wa mbali, kama mabaki ambayo elimu imeyafagia. Alitaniana na shemeji yake apendavyo na kudhani amejikomboa. Lakini kumuuliza mwalimu wa fizikia, mume wa dada yake, kama anajua kuwasha gari alilolimiliki tangu likiwa jipya, hilo halikumjia mdomoni. Na lisilomjia mdomoni halikumjia kichwani pia.

Kalunde ndiye aliyemaliza. Alishuka mjini siku ya soko, akasimama katika mlango wa gereji na kikapu chake, na hakuingia.

"Kuja nyumbani asubuhi," alimwambia kaka yake. "Kuja mapema, kabla hajasukumwa."

"Gari nimeiona, Kalunde. Gari haina kitu."

"Najua. Kuja tu."

Alimtazama. Dada yake hakuwa mtu wa kuja mjini kusema maneno machache namna hiyo. Akasema atakwenda.

Ukungu ulikuwa umekaa chini kabisa Mutituni asubuhi aliyokwenda, mibuni ilidondosha maji kana kwamba mvua imenyesha, na Pijo ilisimama mbele ya ghala ikiwa imefunikwa gunia juu ya boneti. Bartholomew alitoka amevaa koti zito na kofia, akamsalimu, akaondoa gunia, akalikunja pembe kwa pembe. Aliingia. Alitikisa gia kuhakikisha ziko huru. Kila alichokifanya alikifanya kwa utaratibu, na Nzomo, aliyesimama upande wa dirisha, aliona fahari kidogo kwa niaba yake.

Kisha Bartholomew akageuza ufunguo. Injini ilizunguka kwa nguvu, haikushika. Alikanyaga mafuta, akakanyaga tena, akageuza. Kila alipokanyaga, petroli ilimwagika mbichi ndani ya injini, na harufu yake ikapanda. Kitufe cha choki kilikuwa mahali pake, kimesukumwa ndani, hakijaguswa.

Nzomo alingoja akivute. Mtu anaweza kujaribu bila choki kwanza. Wako wanaofanya hivyo.

Bartholomew aliacha ufunguo. Aliitazama dashibodi. Mkono wake wa kushoto uliinuka, ukaenda mbele, ukagusa swichi ya taa. Taa zikawaka katika ukungu, zikazimika. Ukagusa ya vifuta kioo, na vifuta kioo vikakwaruza mara moja na kurudi. Ukapita juu ya choki. Ukafika kwenye redio, ukakaa hapo. Ulikuwa mkono wa mtu anayejua kwamba kuna kitu cha kufanywa, kwamba kimo humu ndani, kwamba jana alikuwa nacho.

"Unaona?" alisema, macho yakiwa mbele. "Ndivyo inafanya."

Nzomo alimtazama dada yake. Kalunde alikuwa katika mlango wa jikoni na sufuria mkononi, na hakuwa akitazama gari.

"Choki, shemeji," Nzomo alisema. Sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyokusudia.

"Nini?"

"Choki. Hujavuta."

"Nimevuta."

"Angalia."

Bartholomew aliangalia. Aliangalia kwa uangalifu, kutoka upande mmoja wa dashibodi mpaka mwingine, kama msahihishaji mitihani, na aliporudi katikati alikuwa mzee.

"Iko wapi?" aliuliza.

Jogoo wa jirani aliwika, na baadaye Nzomo alikumbuka kumchukia jogoo huyo kwa dhati.

Injini ilikuwa imefurika, isingewaka sasa hata kwa choki. Nzomo alichukua spana, akatoa plagi moja moja, akazipangusa kwa kitambaa na kuziweka juu ya gunia zikauke. Kazi hiyo haikuhitaji muda aliouchukua. Bartholomew alishuka, akasimama kando yake, mikono mfukoni. Kalunde alileta chai, akaiweka juu ya tofali, akarudi ndani.

"Nilikuwa naomba iwe kabureta," Bartholomew alisema.

Nzomo alipangusa plagi ambayo tayari ilikuwa kavu.

"Mimi sio mtu wa kuomba, unajua. Lakini kila mara ulipobadilisha kitu nilisema, Mungu, kiwe hiki. Kiwe koili. Koili inanunuliwa." Alikunywa chai kidogo. "Sio gari tu. Mwezi jana nilisimama hapo stegi ya matatu, nikakosa kujua nyumbani ni upande gani. Nilijifanya nangojea mtu, mpaka yule kijana wa jirani akapita, nikamfuata nyuma. Na Kavata nilimwita kwa jina la mama yangu siku nzima, akanyamaza. Nilidhani ni makosa ya kipimo. Lakini nikirudia jaribio napata ileile."

"Inaweza kuwa uchovu," Nzomo alisema. Lilikuwa neno la kwanza katika maisha yake ya utu uzima alilolisema bila kuwa na ushahidi wake.

"Wewe usiniambie uchovu. Watu wote wataniambia uchovu. Wewe niambie vile umeona."

Nzomo aliweka kitambaa chini. "Nimeona gari haina ugonjwa," alisema.

"Asante."

"Dada yangu anajua?"

"Kalunde alijua mbele yangu. Alikuwa anasema gari ikipona mambo yatakuwa sawa. Hata yeye alitaka iwe gari."

Plagi zilirudishwa. Nzomo aliketi, akavuta choki, akageuza ufunguo. Pijo iliwaka kwa mshindo mmoja na kutulia katika mngurumo wake mzuri. Waliisikiliza. Kwa fundi hakuna sauti inayofurahisha kuliko hiyo, na Nzomo angelipa chochote alichokuwa nacho ili aisikie ikikohoa. Bartholomew aliingiza mkono dirishani, akazima.

"Toa rota," alisema.

Rota ni kipande kinachoenea kiganjani, ndani ya kifuniko cha kugawia moto. Huzunguka na kuigawia kila plagi cheche kwa zamu yake. Bila hiyo gari ni nyumba ya kuku. Madereva wenye hofu huitoa wakiegesha mahali pasipoaminika.

"Haina haja," Nzomo alisema. "Acha tu kuendesha. Umeshajua."

"Aiee. Leo nimejua. Yule wa kuambiwa ndiye anaharibika, shemeji, na utamwambia nani? Toa hiyo kitu uende nayo. Na nikija kwako kuiitisha, usinipe."

"Hata harusi?"

"Sana sana harusi. Hapo nitakuwa na Kavata ndani, na hizo kona zote mpaka mjini." Sauti yake ilitaka kuvunjika, alingoja mpaka ilipokataa kuvunjika. "Nitakuja na maneno matamu. Unanijua. Nitakuonyesha kwamba niko sawa, na pengine nitakuwa sawa hiyo siku. Usinipe. Niahidi."

Nzomo hakuamini viapo. Hata mahakamani, alipoitwa kutoa ushahidi juu ya breki za basi, alikataa Biblia na kuomba athibitishe tu. Alisema, "Nakuahidi," akafungua kifuniko, akaitoa rota, akaitia mfukoni.

Walikubaliana Kavata aambiwe na mama yake, na wengine wasiambiwe kitu mpaka harusi ipite.

Bartholomew alikuja gereji siku chache baadaye, kwa miguu kutoka stegi, amekasirika kiasi.

"Nimeibiwa rota," alisema. "Nimefungua kifuniko, hakuna kitu. Na ni mwizi anayejua gari. Mjinga angebeba betri."

Nzomo alimkalisha kwenye benchi akamweleza ukweli wote, jinsi ulivyokuwa: asubuhi ile, choki, stegi, ahadi. Alikuwa daima ameshikilia kwamba ukweli humfaa mtu. Alimwona Bartholomew akiupokea. Aliupokea upya, kana kwamba hakuwahi kuusikia, kipande kwa kipande, na uso wake ukashuka palepale uliposhukia mara ya kwanza. Habari ilipokwisha aliomba maji. Kalunde alikuja kumchukua.

Bartholomew alikuja tena. Nzomo alimweleza kwa ufupi zaidi, na uso ukashuka vilevile. Ufupi haukuwa umempunguzia chochote.

Alipokuja mara nyingine, akisema mwizi huyu anajua gari, Nzomo alifuta mikono na kusema, "Hizo rota hazipatikani sasa, shemeji. Nimeagiza Nairobi."

"Basi tutangoja," Bartholomew alisema, na akaenda zake ametulia, akimsalimu kila mtu sokoni. Nzomo alimtazama mpaka alipopotea kati ya wauza nyanya. Alikuwa amemdanganya mtu pekee ambaye hakuwahi kumdanganya, na uongo ulikuwa umefanya kazi vizuri kuliko kila kipuri alichokifunga katika gari lile.

Asubuhi ya harusi Nzomo alikuwa gereji akifunga riboni kwenye pikapu yake, ambayo ndiyo ingembeba bibi harusi, kwa kuwa Kavata, baada ya kuambiwa na mama yake, alikataa Mercedes na kila kitu kingine, akasema gari la mjomba linatosha. Bartholomew aliingia langoni peke yake. Alikuwa amevaa suti ya kijivu, tai imefungwa barabara, viatu vimepakwa rangi na kushika vumbi la barabara. Macho yake yalikuwa maangavu. Nzomo alijua kwa kumtazama tu kwamba siku hiyo alikuwa sawa.

"Shemeji," alisema, "leta rota."

"Haijafika kutoka Nairobi."

"Wacha mchezo. Pijo nimeiosha mwenyewe, imefungwa riboni kushinda hii takataka yako. Binti yangu anangoja. Leta."

"Sina."

"Nzomo. Nililipa mbuzi wote wa dada yako. Hata yule wa kuchechemea ulikuwa unataka kumrudisha, nikakuletea mwingine juu yake. Sijawahi kukuitisha kitu. Nakuitisha kitu kidogo, kinaenea kwa mkono."

"Nimesema sina, shemeji."

Bartholomew alimkaribia. Alimchunguza usoni kwa muda, bila hasira, jinsi alivyowachunguza wavulana kwa miaka yote ile, na Nzomo, mtu mzima mwenye mvi, alitazama chini.

"Ni wewe uliitoa," Bartholomew alisema.

Nzomo alikunja riboni iliyokuwa mkononi.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Uliniambia niitoe."

"Mimi?"

"Wewe. Ukaniambia ukija kuiitisha nisikupe. Hata leo. Ukasema sana sana leo."

Mtu wa mkokoteni alipita nje akipiga mbinja. Bartholomew aligeuka, akatazama riboni kwenye pikapu, akanyoosha moja iliyokuwa imejisokota.

"Basi nilikuwa na sababu," alisema polepole. "Mimi sifanyi kitu bila sababu. Nilikuwa na sababu nzuri?"

"Nzuri sana."

"Uliikubali?"

"Niliikubali."

Bartholomew alifikiri. Nzomo aliona kwamba ameanza kuisogelea, kama mtu anayeusogelea mlango wa chumba alimolala mgonjwa, na kwamba amesimama kabla ya kuufungua.

"Usiniambie," alisema. "Nitakuuliza kesho. Leo namwoza binti."

Walipanda mlima kwa pikapu. Nyumbani wanawake walikuwa wanaimba tayari, moshi wa sufuria za muthokoi na nyama umejaa uani, na Pijo ilisimama mbele ya ghala ikiwa nyeupe na safi kabisa. Kavata alitoka, mama yake akimshikia gauni nyuma lisiguse udongo.

"Gari imekataa," Bartholomew alimwambia. "Mjomba wako huyu ni fundi bure kabisa."

"Haidhuru, baba. Tutabanana."

"Gauni litakunjika."

"Wacha likunjike."

Kavata akaketi katikati ya kiti cha pikapu. Baba yake akaketi kando yake upande wa mlango, maua ya binti magotini mwake, na Kalunde akaufunga mlango kutoka nje kwa mikono miwili, akabaki ameushika hata baada ya kufungika, mpaka Nzomo alipoondoa gari taratibu.

Barabara ya kushuka kutoka Mutituni ina kona nyingi, na Jumamosi malori ya mchanga huzipanda katikati ya njia. Nzomo aliendesha kwa tahadhari. Katika kona ya kwanza alisikia kitu sakafuni, upande ule mwingine. Akatazama kwa pembe ya jicho. Kiatu cha Bartholomew kilikuwa kimekanyaga sakafu, pale ambapo breki ingekuwepo, na kilikanyaga kabla kidogo ya Nzomo kukanyaga yake, mahali penye busara zaidi. Kikaachia. Mguu wa kushoto ukasukuma klachi isiyokuwepo, mkono ukajongea magotini chini ya maua, ukashusha gia. Kona ya pili vivyo hivyo. Lori lilipotokea, mguu ulikuwa umeshakanyaga.

Nzomo alianza kungoja ukosee. Hakutaka mengi: kona moja tu, achelewe kidogo, asahau mara moja, ili ile rota aliyoifungia katika droo ya gereji iwe na maana mbele ya macho yake mwenyewe, asubuhi hii, na si katika neno la mtu aliyetoa amri akiwa amesimama katika ukungu. Alizipita kona zote akimtazama. Penye daraja jembamba mguu ulipunguza mwendo. Penye watoto wa mbuzi ulisimama kabisa, na ukangoja, na ukaondoka kwa ulaini ambao Nzomo hakuwahi kuufikia.

Kavata alikuwa ametazama mbele muda wote. Wakiwa karibu kuingia mjini aliuweka mkono wake juu ya goti la baba yake, ule mguu unaofanya kazi, akauacha hapo. Hakuuzuia. Mkono wake uliinuka na kushuka na mguu ule, hivyohivyo, mpaka kanisani.